Mlificha Uso Wangu, Mkaacha Shingo ya Ngamia

Kwa Mhariri,
Gazeti la Upepo wa Tana,
Garissa.

Mheshimiwa Mhariri,

Asalaam aleikum. Naomba uniwie radhi kwa kukuandikia badala ya kuja ofisini kwako. Kusema kweli nilikuja. Nilisimama ng'ambo ya barabara mpaka mlinzi wenu akaniuliza nataka nini. Nikamwambia sitaki kitu, nikarudi nyumbani. Kwa hiyo naandika.

Mimi ndiye yule msichana wa miaka kumi na saba ambaye hamkumtaja kwa sababu za kisheria. Kwanza nashukuru kwa kutonitaja. Sasa naomba kulalamika.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana. Nimeomba kazi ya mwalimu msaidizi katika shule moja ya msingi huko Masalani, nifundishe kidogo kabla ya kwenda chuo. Mwalimu mkuu, Mwalimu Rukiyo, alisema atanijibu baada ya Idi. Idi imepita, hata nguo za Idi zimefuliwa na kuanza kupauka, na hajajibu. Ninaamini sababu ni gazeti lako, na nitaeleza. Kazi hiyo ndiyo ya pekee niliyowahi kuomba maishani, na nikiikosa sioni nitakavyopata nyingine, kwa sababu itabidi niende kuongea na mtu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu uso wangu. Katika ukurasa wa tatu mlichapisha picha yangu mkiwa mmeufunika uso kwa ukungu. Ukungu wenyewe ulikuwa mzuri sana. Mimi mwenyewe nilipojiona sikujitambua. Lakini nyuma yangu alisimama Dahabo, ngamia wetu, amegeuza shingo kwenye kamera, na chapa yake ya moto inaonekana vizuri kuliko kichwa cha habari.

Mheshimiwa, sijui huko ulikosomea uandishi wanafundisha nini kuhusu kuficha watu. Hapa kwetu mtu akiona picha yenye ngamia, anasoma shingo kwanza. Alama kubwa inamwambia ukoo. Mkato mdogo ulio chini yake unamwambia nyumba. Baada ya hapo ndipo anapotazama kama kuna binadamu karibu.

Ayeeyo, yaani bibi yangu, hasomi gazeti. Alitupia jicho picha ile akasema, "Huyu ni Dahabo. Na huyu aliyefutwa uso ni wetu, maana amevaa ndara zangu nilizozitafuta asubuhi nzima."

Kabla ya swala ya alasiri, Abti Ogle, kaka yake mama, alikuwa amepiga simu kutoka Wajir. Aliuliza, "Ngamia hajambo?" Akaambiwa hajambo. Akauliza, "Na huyo mtoto mmemfanya nini usoni? Ameungua?"

Siku iliyofuata nilimpelekea mama chombo cha maziwa sokoni. Nikawasikia wanawake wawili ninaowasalimia kila siku.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye. Aliyemlisha ngamia mti wa serikali."

"Wallahi? Mbona mpole hivi?"

"Hao ndio wabaya, walaal, dada yangu. Wa kelele unamsikia akija."

Niliweka chombo chini nikaondoka bila kusalimia mtu, na nadhani hilo nalo walilihesabu.

2. Kuhusu jina langu. Chini ya picha mliandika kwamba hamwezi kunitaja. Halafu mkaandika kwamba mimi ni "binti wa tatu wa muuza maziwa ya ngamia ambaye duka lake linatazamana na kituo cha maji, aliyeongoza kwa insha katika shule yake mwaka jana." Mheshimiwa, katika darasa langu tulikuwa wasichana watano wenye jina langu. Mtu akisikia jina hilo hapa Garissa hajapata chochote. Atauliza, "Binti wa nani? Huyo naye wa nani? Huyo naye?" Mpaka afike kwa babu anayemfahamu. Nyinyi mliwapa baba, duka, kituo cha maji na alama za insha, mkaficha kitu kimoja tu ambacho hakuna mtu angekitumia. Kama mngetaka kunificha kweli, mngechapisha jina na kuacha yote mengine.

3. Kuhusu mti wenyewe. Mliandika kwamba "msichana alimwachia ngamia wake kula mche wa mkwaju uliopandwa na mheshimiwa kutoka Nairobi katika hafla ya kuhifadhi mazingira." Hilo ni kweli kama vile ni kweli kwamba mvua ilinyesha. Hamkusema ilianzia wapi.

Siku hiyo nilikuwa nikimrudisha Dahabo kutoka kwa daktari wa mifugo. Njia inapita kando ya uwanja wa ofisi ya serikali, ambako hafla ilikuwa inafanyika. Yule mheshimiwa wa Nairobi alikuwa amemaliza kupanda, amenawa mikono, na watu walikuwa wanapiga makofi. Mimi nilipita upande wa mbali nikitazama chini. Mpigapicha wenu, Bwana Daud, ndiye aliyeniita.

"Dada! Dada wa ngamia! Hebu mlete hapa, picha ipate mazingira."

Nilitikisa kichwa. Akadhani nasema ndiyo.

"Karibu kidogo."

Nikamsogeza.

"Karibu kidogo tena. Usiogope, hatakula."

Mheshimiwa Mhariri, ni nani aliyemwambia Bwana Daud kwamba ngamia hatakula? Mimi nilijua atakula. Mlinzi wa pale, Bwana Hanad, alijua atakula. Mbuzi wa jirani wangekuwepo, wangejua. Lakini kulikuwa na watu wengi wenye suti, na kusema "atakula" mbele ya watu hao kulihitaji sauti ambayo mimi sina. Nilikuwa bado naitafuta wakati Dahabo alipoinama. Aliukata mche wote, kikabaki kisiki kama kidole, na kitambulisho kidogo chenye jina la mheshimiwa kikabaki kinaning'inia mdomoni.

Bwana Hanad alipiga kelele, "Hii ngamia imekula mti ya mkubwa! Shika hii msichana!"

Na Bwana Daud alisema, nilimsikia kwa masikio yangu, "Hapo hapo! Msisogee!" Akapiga picha. Ndiyo hiyo ya ukurasa wa tatu.

4. Kuhusu sheria. Kwa kuwa sijafika miaka kumi na minane, nilipelekwa mbele ya Mahakama ya Watoto. Watu wote walitolewa nje, nikabaki na baba yangu, afisa wa watoto, Bwana Hanad na hakimu. Nilifurahi sana kuhusu kutolewa watu. Kama mahakama zote ziko hivyo, sioni kwa nini watu huziogopa.

Hakimu ni mama mtaratibu. Aliniuliza kama nilimlisha ngamia ule mti kwa makusudi. Sauti haikutoka, nikaomba kalamu. Nikaandika yote niliyoyaeleza hapo juu, kurasa mbili. Akasoma, akavua miwani, akamwuliza Bwana Hanad, "Ni kweli mpigapicha ndiye aliyemwita?"

Bwana Hanad akasema, "Ni kweli, mheshimiwa. Lakini ngamia haikuitwa kula."

Hakimu akasema sina kosa, niende nyumbani. Halafu akaliinua gazeti lako. Alisema sheria inakataza kuchapisha jina la mtoto aliye na shauri mahakamani, na picha yake, na shule yake, na makao yake, na jambo lolote linaloweza kumfanya atambulike. Akasema kwamba uso si mtu mzima wote. Akaagiza mpelekewe onyo. Najua mlilipata, kwa sababu ya kilichofuata.

5. Kuhusu habari ya pili. Wiki iliyofuata mlichapisha habari ya kuachiliwa kwangu. Nainakili hapa yote, kwa sababu haichukui nafasi:

"Mtoto mmoja ameondolewa lawama katika shauri lililohusu mnyama na mmea, katika mji mmoja nchini."

Basi. Hakuna picha. Iko ukurasa wa kumi na moja, chini ya tangazo la matangi ya maji.

Mheshimiwa, nililala na gazeti hilo chini ya mto nikitumaini watu wataelewa asubuhi. Hakuna aliyeelewa. Nilimwonyesha baba. Akasoma mara mbili akasema, "Alhamdulillahi, nimefurahi kwa ajili ya mtoto huyo. Ni wa nani?" Na baba alikuwa mahakamani nami!

Nilipolaumiwa, mlinificha kwa namna ambayo Wajir yote ilinijua. Nilipoachiliwa, mlinificha kwa namna ambayo baba yangu hakunijua. Lawama imetoka na ngamia, na haki imetoka bila ngamia. Ndiyo maana lawama imefika mbali. Ilikuwa na usafiri.

6. Kuhusu Guled wa Kotile. Hili ni dogo lakini linaniuma. Guled ni mtoto wa binamu ya baba yangu. Mbuzi wake alikula kunde za jirani, na wazee walikuwa hawajakaa kuamua. Habari yenu ya pili ilipofika Kotile, Guled aliizungusha kwa kalamu nyekundu akaenda nayo kwa yule jirani. "Mtoto mmoja, ni mimi. Mnyama, ni mbuzi. Mmea, ni kunde. Mji mmoja nchini, ni hapa. Serikali imesema sina lawama." Jirani akamwomba msamaha. Mama yake Guled akapika pilau, na sisi tukaalikwa. Nimekula pilau ya kuachiliwa kwangu mimi mwenyewe, na nikalazimika kumpongeza Guled.

7. Kuhusu Mwalimu Rukiyo. Gazeti lenu la kwanza lilifika Masalani. Nina hakika, kwa sababu shangazi yangu Fartun anaishi huko, na alisema muuza duka alibandika picha ile upande wa nje wa duka lake. Mwalimu Rukiyo anatoka familia ya wafugaji. Shingo ya ngamia anaijua. Anajua barua ya maombi imetoka nyumba gani. Je, atampa darasa la watoto msichana anayeharibu mali ya umma? Mimi nisingempa. Na habari ya pili hata akiisoma atadhani ni ya Guled.

Baada ya kueleza hayo, naomba yafuatayo kwa heshima.

Naomba mchapishe habari ya tatu, ukurasa wa tatu, kwa ukubwa ule ule wa ile ya kwanza, ikisema kwamba nimeachiliwa. Ninafahamu kwamba mkinitambulisha mtakuwa mmevunja sheria. Lakini mmekwisha kuivunja mara moja kwa hasara yangu, na naona si vibaya ikivunjwa mara ya pili kwa faida yangu, halafu tukaacha kabisa, sote wawili.

Kama hilo ni gumu, msinichapishe mimi. Chapisheni Dahabo peke yake, shingo tu, na neno moja chini: "Ameachiliwa." Atakayehitaji kuelewa ataelewa.

Nimefikiri zaidi na nimeona tatizo. Dahabo ana miaka sita. Kama sheria inawalinda walio chini ya miaka kumi na minane, basi katika kesi hii yeye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko mimi, na mlionyesha chapa ya nyumba yake, mkaonyesha na uso wake bila ukungu, tena akiwa na chakula mdomoni. Sitaki kuwatia katika makosa mapya. Mwacheni.

Mngeweza kuchapisha mti. Kisiki kimeanza kuchipua, nimekwenda kukiangalia jioni wakati Bwana Hanad hayupo. Lakini mche ule ulitoka kitaluni mwaka huu huu. Nao ni mtoto. Tena ndiye aliyeumizwa, na wanaoumizwa nadhani wanalindwa zaidi.

Basi tumebaki na watu wazima. Mheshimiwa kutoka Nairobi ni mtu mzima. Mnaweza kuweka picha yake na kuandika, "Mti wa huyu haukuliwa kwa makusudi." Sidhani sheria inakataza. Ila nasikia yeye amekwisha kupanda mingine mahali pengine na hakumbuki kama ulikuwa mkwaju.

Kwa hiyo anabaki Bwana Daud. Amepita miaka arobaini, ana ndevu, na hakuna sheria yoyote inayomficha. Naomba mchapishe picha yake ukurasa wa tatu, uso wazi kabisa, jina lake, la baba yake, la babu yake na la baba wa babu, nyumba anayoishi, inatazamana na nini, alama zake za insha kama anazikumbuka, na ndara alizovaa, na kama si zake aseme ni za nani. Chini mwandike: "Huyu ndiye aliyesema hatakula." Asimamishwe kando ya ngamia yeyote. Namwachia achague.

Na kwa siku za mbele, ninapendekeza kwamba kila gazeti linalouzwa kutoka hapa mpaka Mandera liajiri mama mmoja mfugaji, akae karibu na mashine ya kuchapisha. Kabla picha ya mtoto haijatoka, aonyeshwe na aulizwe, "Huyu ni wa nani?" Akijibu, picha irudi ikafunikwe zaidi. Waendelee kufunika hivyo mpaka aseme hajui. Najua baadhi ya siku gazeti litatoka na ukurasa mtupu. Nimelizungumza jambo hilo na Ayeeyo, akasema yeye angeununua, kwa kuwa unafaa kufungia nyama.

Nimemaliza. Samahani kwa urefu. Huwa siongei, kwa hiyo yanarundikana.

Nakutakia kazi njema wewe na wote walio chini yako. Msalimie anayewapikia chai, harufu yake ilifika mpaka ng'ambo ya barabara nilipokuwa nimesimama. Msalimie mlinzi, mwambie sikuwa mwizi. Mheshimiwa hakimu akipita kwenu msalimieni pia. Baba anakusalimu, Ayeeyo anakusalimu na anauliza kama picha ile mnaweza kumpa nakala kubwa, kwa sababu Dahabo ametoka vizuri. Bwana Daud nitamsalimu nikishapoa.

Ni mimi, kwa heshima na bila jina,

Msichana, 17,
Garissa.

Nyongeza: Mheshimiwa Mhariri, nilikuwa natafuta bahasha wakati simu ya mama ilipolia. Alikuwa ni Mwalimu Rukiyo. Mama aliiweka kwa sauti kubwa, nami nikajificha nyuma ya pazia nikasikia yote.

Mwalimu alisema barua yangu ya maombi alikuwa ameiweka pembeni tangu siku aliyoipata, kwa sababu ilikuwa na "samahani" nyingi, na darasa lake la tano limekwisha kuwatoa mbio walimu wasaidizi wawili. Halafu akaona gazeti. Akamwita mama kwa Kisomali akasema, "Hooyo, nilipoiona ile shingo nikajua ni nyumba yenu. Huyo binti ndiye nimtakaye. Msichana anayemlisha ngamia mti wa mkubwa, mbele ya mkubwa mwenyewe, na hakimbii! Watoto hapa wanamzungumzia kila siku. Ati alimwambia mheshimiwa aende akapande mwingine. Ni kweli?"

Mama yangu hajawahi kusema uongo. Alitazama pazia, akasema, "Inshallah."

Mwalimu akasema, "Kamati ilikuwa inabishana, ndiyo maana nikachelewa. Wengine walisema labda hakukusudia. Nikawaambia kama hakukusudia basi simhitaji, niletewe mwingine. Mwambie aje Jumatatu, na asitabasamu."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nimeitafakari upya ile sheria na nimeona ni nzuri sana. Iliandikwa na watu wenye huruma na watoto, na gazeti lako lilifanya vyema kuifuata kwa uangalifu mkubwa vile katika ukurasa wa kumi na moja. Naomba muendelee. Msinitaje, msinisafishe, na kama kuna mtu kutoka Masalani atakayeuliza kesi iliishaje, mwambieni ni siri ya mahakama. Barua hii isionekane na mtu mpaka darasa la tano liwe limemaliza mtihani wake.